Laptopu ni ya mwalimu au ni ya mechi?

Hujambo dada mshauri,

Mimi ni fundi wa friji hapa Kisumu, kibanda changu kiko Kondele. Mke wangu anafundisha sekondari msingi upande wa Maseno. Kila asubuhi anapanda matatu ya Luanda, akishuka anachukua boda mpaka shuleni, na jioni anarudi kwa njia hiyo hiyo.

Ualimu siku hizi umekuwa kazi ya kompyuta. Maazimio ya kazi, alama za wanafunzi za kupandisha kwenye tovuti ya KNEC (baraza la mitihani), TPAD (ile tathmini ya walimu) ya TSC, tume inayotuajiria walimu, yote hayo yanamngoja yeye. Shuleni kuna kompyuta moja ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu na walimu wote wanaipigia foleni. Kwa hiyo anabonyeza simu mpaka macho yanamwasha, au akitoka kazini anaingia saiba iliyo karibu na steji, afike nyumbani saa mbili usiku. Sisemi kuna ubaya wowote. Lakini sipendi.

Mwezi huu nimepokea zamu yangu ya chama, nikatenga shilingi 30,000 nimnunulie laptopu bila yeye kujua. Siku yake ya kuzaliwa ni mwezi ujao. Aliwahi kusema, tukipita nje ya duka, kwamba akijaliwa kupata angetaka ndogo, inayoingia kwenye mkoba wake wa kazi asijue mtu kuwa ameibeba. Nikaanza kuulizia, na kila niliyemuuliza ana yake.

Duka moja pale Oginga Odinga Street wamenionyesha mpya, iko kwenye boksi, inchi 14, Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya mafaili ya GB 64, kwa 29,500. Inang'aa na ni nyepesi. Jirani yao ana ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, ThinkPad X280, kifuniko kina mikwaruzo, anataka 30,000 na anasema hapunguzi hata shilingi. Kijana mwingine ananiuzia Chromebook, ile laptopu ya mfumo wa Google badala ya Windows, ya inchi 11 kwa 11,000, nibaki na chenji. Kaka yangu aliye Nairobi ananiambia niachane na vidude vidogo, atanitumia kwa basi moja ya inchi 15.6 kutoka Luthuli Avenue, kioo kikubwa, na hata mimi nitaangalia mechi wikendi. Kusema kweli hilo limenigusa, maana TV yetu iliungua stima iliporudi kwa kishindo. Tena kuna mahali wanauza kwa kulipa polepole: unaweka 8,000, kisha 110 kila siku kwa mwaka mzima, unapewa mpya ambayo kwa pesa taslimu ni 34,000.

Wewe ungechukua ipi? Na hizi ex-UK si ni vitu wazungu wamechoka navyo?

Mume wa Mwalimu, Kisumu


Shemeji,

Nakuita hivyo kwa kuwa mwalimu nimeshamfanya dada yangu kabla sijafika mwisho wa barua. Na kwa udada huo nitakwambia nilichokiona: barua yako ina laptopu mbili. Moja inaingia mkobani, haijulikani, inapanda matatu alfajiri. Nyingine ina kioo kikubwa, imekaa mezani sebuleni Jumapili na Gor Mahia iko uwanjani. Elfu thelathini haitoshi kununua zote mbili. Ukijaribu kuziunganisha utapata dude la kilo mbili ambalo mwalimu atalibeba wiki ya kwanza, ya pili ataliacha nyumbani, na ya tatu utamkuta saiba ile ile.

TV iliyoungua ni shida halali, lakini itafutie fungu lake. Wewe ni fundi, na mafundi wa TV hapo Kondele ni majirani zako. Mara nyingi stima ikirudi kwa nguvu kinachoungua ni upande wa paua tu, ule unaopokea umeme. Mpelekee jirani aiangalie, na tuiweke mechi kando.

Haya, mwenye mkoba alishasema anataka ndogo. Ndogo kiasi gani? Kuna ndogo ya kubebeka na kuna ndogo ya kuumiza. Mwalimu wa sekondari msingi ana karatasi ya alama yenye majina upande mmoja na masomo tisa kuelekea upande wa pili, na jumla mwishoni. Kwenye kioo cha inchi 11.6 ataona majina na masomo machache, mengine ayafuate kwa kusogeza kulia na kushoto usiku kucha, na alama ya Otieno iingie kwa Wafula. Inchi 12.5 hadi 13.3 ndiyo saizi ya mtu anayesafiri na kazi yake. Laptopu za ofisini za saizi hiyo huwa na uzito wa kilo moja na robo hivi. Hata hivyo pima mkoba wake kimya kimya kwa rula, urefu na upana, kabla hujatoka nyumbani. X280, ambayo ni ya inchi 12.5, ina upana wa takriban sentimita 31. Kama mkoba wa mwalimu ni wa sentimita 28, mjadala wote huu ni bure mpaka ununue na mkoba.

Sasa swali lako la ex-UK, ambalo limenichekesha likitoka kwa fundi wa friji. Friji ngapi za ex-UK zimepita mikononi mwako? Ukiletewa moja ya kampuni nzuri iliyotumika miaka minne, na nyingine mpya ya bei ya chini yenye mabati membamba na kompresa ndogo, unajua ipi itarudi kibandani kwako mapema. Laptopu ni vivyo hivyo. Kampuni za Uingereza hununua au kukodi mashine za ofisini kwa mamia, zikifika miaka mitatu au minne wanabadilisha zote kwa mkupuo, hata zilizo nzima. ThinkPad za mfululizo wa X, Latitude za 7000, EliteBook za 800, zote zilitengenezwa kwa mtu anayelipwa mshahara ili asafiri nazo. Zikiwa mpya bei yake ilikuwa mbali na mfuko wako na wangu. Mikwaruzo ya kifuniko haiandiki alama polepole.

Ile mpya ya 29,500 siipendi, na nitakwambia kwa nini. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ni Celeron N4020 yenye viini viwili tu vya kufanya kazi. RAM ya GB 4 ndiyo kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali, na GB 64 ni hivyo hivyo, kiwango cha chini kabisa. Yaani umenunua mahali pa kuanzia na hapo hapo ndipo pa kuishia. Mwalimu atafungua tovuti mbili, karatasi ya Excel na WhatsApp ya walimu, na mashine itaanza kufikiria. Windows ikitaka masasisho itatafuta nafasi isiipate, kwa sababu Windows yenyewe na mafaili yake imeshakula sehemu kubwa ya hizo GB 64. Na kwenye nyingi za aina hiyo hifadhi na RAM vimechomelewa kwenye ubao, fundi hawezi kukuongezea. Sifa yake moja ya kweli ni waranti ya mwaka, na sifa hiyo si ndogo. Lakini waranti inashughulikia kilichoharibika, na kwenda polepole si uharibifu.

X280 nitaitetea, ila kwa masharti. Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawatalitaja wenyewe, nalo ni kizazi cha prosesa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel Core, inataka kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache sana. Ndiyo maana mjini utakutana na X260 na X270, Latitude 7270 na 7280, EliteBook 820, zote nzuri kwa umbo, zimeshuka bei ghafla. Ni za kizazi cha 7 kushuka chini. Muuzaji anaweza kukuonyesha moja ina Windows 11 inawaka vizuri. Ndiyo, kuna njia za kuilazimisha iingie, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine kama hiyo, na mwalimu anayeingiza nywila yake ya TSC hapo hahitaji kamari.

Kusoma kizazi ni rahisi. Fungua Settings, ingia System, teremka hadi About, utaona maandishi kama i5-8250U au i5-8350U. Kwa mashine za umri huu, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Ukiona i5-7300U, hicho ni cha 7. Usisome stika iliyobandikwa karibu na kibodi, stika huuzwa mitaani kama peremende. Hapo hapo kwenye About soma RAM. Kwa X280 hili ni la kufa na kupona: RAM yake imechomelewa kiwandani, kwa hiyo ukikuta GB 4, rudisha kifuniko na uage. Iwe GB 8. Na iwe i5, maana zipo X280 za i3 zenye viini viwili, na kwa 30,000 hiyo sitakubali. Hifadhi iwe SSD ya GB 256, na kwa mashine hii utaikuta SSD tu.

Kama huyo jirani wa Oginga Odinga Street ana GB 4, usikate tamaa. Ulizia Dell Latitude 7290 ambayo ni inchi 12.5 pia, au HP EliteBook 830 G5 yenye inchi 13.3. Nyingi ni za kizazi cha 8, ila soma About kama nilivyokueleza, na RAM yake huongezeka. Mimi binafsi, bei zikilingana, ningechukua 830 kwa ajili ya ile karatasi ya alama, lakini mwenye macho na mgongo ni mwalimu.

Tuje kwenye kukagua, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mashine mbili za jina moja kwenye rafu moja zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana.

Anza na betri. Usikubali kuonyeshwa asilimia 100 pembeni ya kioo, hiyo inakwambia imejaa, haikwambii imejaa ndoo au kikombe. Mwombe muuzaji afungue Command Prompt, uandike powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Mashine itakuandikia ripoti na kukuonyesha ilikoiweka. Ifungue. Utaona mistari miwili, Design Capacity na Full Charge Capacity. Kwa X280 wa kwanza husoma kama 48,000 mWh, ndivyo betri ilivyotoka kiwandani. Wa pili ndio uwezo uliobaki leo. Ukikuta 40,000 au zaidi, tabasamu kimoyomoyo. Ukikuta chini ya 30,000, hiyo ni betri ya kubadilisha karibuni, na bei yake itolewe kwenye ile 30,000 ambayo haipunguzwi hata shilingi. Muuzaji akikataa kuandika mstari huo mmoja mbele yako, umeshapata jibu.

Halafu kufuli. Mashine za ofisini zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe wakati mwingine alizifunga. Izime, iwashe, na kwa ThinkPad gonga F1 mara inapowaka. Ikikupeleka moja kwa moja kwenye kurasa za BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine, sawa. Ikikuomba nywila, iache hapo hapo, usisikilize hadithi ya fundi anayejua kuitoa, maana kwa ThinkPad mara nyingi hiyo humaanisha kugusa ubao wenyewe. Mwombe muuzaji pia airudishe kama mpya, ile Reset, na aiunganishe na intaneti ukiwa umekaa. Ikianza kukukaribisha kwa jina la kampuni ya ng'ambo na kudai barua pepe ya kazini, hiyo bado iko kwenye orodha ya mwajiri wa zamani na siku moja itamfungia mwalimu mlango katikati ya kupandisha alama. Reset huchukua muda. Nenda ukale samaki, urudi.

Kibodi iguse kila kitufe. Fungua Notepad, ponda zote, hata zile za pembeni. Ex-UK halisi ina alama ya pauni juu ya 3 na Enter ndefu, na @ iko karibu na Enter, si juu ya 2. Mwalimu atazoea kwa siku chache. Lakini zipo zilizotoka Ujerumani au Ufaransa, ambapo Z na Y, au A na Q, zimebadilishana nafasi, na muuzaji amebandika stika za herufi juu. Zikichakaa, na huchakaa, chini kuna lugha nyingine. Pitisha kucha juu ya herufi: ukihisi ukingo wa stika, uliza.

Bawaba, kamera, maikrofoni, spika, jaribu kwa kupiga simu ya video hapo dukani. Fungua ukurasa mweupe uone kama kioo kina madoa. Ingiza flash kwenye kila tundu la USB. Chaja nayo iangalie: X280 inachaji kwa USB-C, na ubora wa chaja hiyo ni muhimu kuliko rangi yake. Zuri la ex-UK ni kwamba plagi zao ni za pini tatu kama zetu, huhitaji adapta. Jingine zuri, stima ikipotea, mashine inayochaji kwa USB-C inaweza kunyonya kutoka paua benki, mradi iwe paua benki yenye nguvu ya laptopu, wati 45 na kuendelea. Ile ya simu itawasha taa yake tu na kukuangalia.

Chromebook ya 11,000 sitaimalizia kurasa. TPAD na tovuti nyingine zitafunguka, kwa sababu hizo ni kazi za kivinjari. Lakini Office ya kuweka kwenye Windows haiingii humo, na mwalimu asiye na bando siku hiyo ataona dunia imekuwa ndogo. Zaidi ya hayo, kila Chromebook ina tarehe yake ya mwisho ya kupokea masasisho, imepangwa tangu awali, na zile zinazouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingi tarehe hiyo iko mlangoni au imeshapita. Hiyo ndiyo siri ya chenji yako.

Kulipa polepole: 110 mara 365 ni 40,150. Ongeza 8,000 uliyotanguliza, umefika 48,150 kwa mashine ya 34,000. Umelipa 14,150 juu, na bado hujaniambia prosesa yake ni ipi. Una pesa taslimu mkononi, shemeji. Huo mlango ni wa asiye nazo, na hata yeye aulize kwanza kama mashine hujifunga siku moja ikirukwa.

Kaka wa Nairobi ana nia njema. Luthuli Avenue bidhaa ni nyingi na huenda bei ikawa chini kidogo. Lakini kila nilichokueleza cha kukagua kinataka vidole vyako, na mashine ikikataa kuwaka baada ya wiki mbili, utalipa basi kuirudisha, usubiri, ulipe basi tena. Nunua pale unapoweza kufika kwa miguu ukiwa umekasirika.

Sasa la mshtukizo. Naona raha uliyonayo ya kuificha na sitaki kukunyang'anya. Lakini laptopu ni kitu cha vidole na macho ya mtu. Kibodi unayoiona nzuri wewe, kwake inaweza kuwa ngumu. Kioo kinachong'aa dukani, yeye mwenye macho yanayomwasha atakiona vingine. Mshtue kwa njia nyingine: wiki ya siku yake mwekee ile 30,000 kwenye bahasha, mwambie Jumamosi mnaenda mjini, na umwambie ni ya nini. Uso wake hapo hautapungua chochote. Wewe uwe umeshachuja, una mbili au tatu ulizokagua betri na kufuli, yeye aje kuchagua kati ya zilizopita mtihani. Ukishikilia kuificha mpaka mwisho, basi angalau muuzaji aandike kwenye risiti kuwa inaweza kubadilishwa ndani ya wiki moja.

Kuna jambo umelipitia haraka kwenye barua: saa mbili usiku, na lile neno lako la "sipendi". Sijui kama umemwambia au umelimeza. Kama unaogopa barabara ya usiku, mwambie hivyo hivyo, ni mapenzi. Kama ni kitu kingine, laptopu si dawa yake, mketishe muongee. Na uelewe vizuri unachokileta nyumbani. Hii mashine haipunguzi kazi ya mwalimu, inaihamisha tu kutoka saiba hadi mezani kwenu. Saa moja jioni atakuwepo, ndiyo, lakini ameinamia alama, na watoto wamemwona mama yao kwa hiyo wanamvuta nguo, na ugali haujasongwa. Wiki za mwisho wa muhula, jiko ni lako. Kama hilo halikuwa kwenye bajeti, liongeze sasa.

Akishaipata, kuna madogo ya kufanya siku ya kwanza. Programu za Office za wizi ambazo duka limekuwekea "kama zawadi", ondoa. LibreOffice ni ya bure, inafungua Word na Excel, na kwa maazimio ya kazi inatosha. Flash zilizotoka saiba zipitishwe kwenye kinga ya Windows yenyewe kabla hazijafunguliwa, kwani virusi vyake ndivyo vinavyogeuza mafolda ya watu kuwa vijisanamu visivyofunguka. Nywila iwekwe. Alama zihifadhiwe pia mahali pa pili, mtandaoni au kwenye flash inayobaki nyumbani, kwa sababu matatu ni matatu na mvua ya jioni ya Kisumu haipigi hodi. Kifuko cha kuzuia maji ndani ya mkoba wa kawaida, si begi lililoandikwa jina la kampuni ya kompyuta. Na X280 ina tundu la HDMI la saizi ya kawaida. TV ikipona, waya mmoja unatosha, mechi utaiona mwalimu akikuruhusu.

Kuhusu yule asiyepunguza hata shilingi, usimsumbue na bei. Muombe chaja nzuri, kifuko, na miezi mitatu ya dhamana iliyoandikwa kwa kalamu, si kwa mdomo. Wengi wao wanaona hivyo ni vyepesi kuliko kutoa mia tano.

Mkilipa, tuma kwa till yenye jina la duka, si kwa namba ya simu ya kijana wa kaunta, na ujumbe wa M-Pesa usiufute. Risiti iwe na modeli, prosesa, RAM, na namba ya mashine, ile ndefu iliyo chini ya tumbo lake, uilinganishe mwenyewe tarakimu kwa tarakimu. Siku polisi akiuliza mmeitoa wapi, au siku imeibwa na inatafutwa, namba hiyo ndiyo inayosema ni yenu. Karatasi laini ya risiti za mashine hufifia baada ya miezi michache, kwa hiyo ipige picha jioni hiyo hiyo, na picha itumie kwa simu ya mwalimu, mwenye mali.